Mayai Mia Nne kwa Wiki

Katika riwaya ya George Orwell ambayo Fortunatus Kawegere aliitafsiri mwaka 1967 kwa jina la *Shamba la Wanyama*, kuna kisa kifupi ambacho wasomaji wengi hukipita upesi. Napoleon, nguruwe aliyejitwalia madaraka baada ya mapinduzi, ameishiwa nafaka. Kupitia wakala wake wa mjini, Bwana Whymper, anakubali mkataba wa kuuza mayai mia nne kila wiki ili apate fedha za kununulia chakula. Kuku wanaarifiwa baadaye, mkataba ukiwa umeshakubaliwa. Wao walikuwa wakijiandaa kuatamia, na kuwanyang'anya mayai wakati ule ni sawa na kuwaulia vifaranga.

Kuku wanagoma. Wanaruka hadi kwenye boriti za paa na kutagia huko juu, mayai yanadondoka na kupasuka sakafuni. Napoleon anawakatia mgao wa chakula na kuamuru kwamba mnyama yeyote atakayewapa walau punje ya mahindi auawe. Mbwa wanalinda amri hiyo. Siku ya tano kuku wanasalimu amri, tisa kati yao wakiwa wamekufa, na shamba zima linatangaziwa kuwa wamekufa kwa ugonjwa. Mayai yanatolewa kwa ukamilifu, na gari la mwenye duka linakuja kuyachukua mara moja kwa wiki.

Tumezoea kukisoma kitabu hicho kama hadithi ya mapinduzi yaliyosalitiwa na viongozi wake, na ndivyo kilivyo. Lakini tazama mpangilio wa kisa hiki. Kiongozi anafunga ahadi na mtu wa nje. Ahadi hiyo haiwezi kutimizwa bila kuchukua kitu cha walio ndani, na walio ndani hawakuulizwa. Kwa hiyo nguvu inatumika, si kwa sababu kiongozi anapenda ukatili, bali kwa sababu gari la mwenye duka lina siku yake ya kuja. Udhaifu wa Napoleon mbele ya soko ndio unaozaa ubabe wake mbele ya kuku.

Sura hii inahusu mpangilio huo. Riwaya zinazochora dunia iliyokwenda kombo, ambazo wahakiki huziita riwaya za distopia, husomwa kwa kawaida kama maonyo dhidi ya serikali yenye nguvu kupita kiasi. Nitajaribu kuonyesha kwamba zilizo bora kati yake zinasema jambo zito zaidi: serikali inayowakandamiza watu wake na nchi iliyopoteza mamlaka yake mbele ya wageni, mara nyingi ni serikali moja na nchi moja.

Nchi iliyopoteza jina

Anza na riwaya mashuhuri kuliko zote za aina hii. *1984* ilichapishwa Juni 1949, miezi michache kabla ya Orwell kufa kwa kifua kikuu Januari 1950. Hata asiyeisoma amesikia habari za Kaka Mkubwa na mitambo inayomchungulia mtu sebuleni kwake. Mwaka 2013, Edward Snowden alipofichua jinsi idara za ujasusi za Marekani zinavyokusanya mawasiliano ya watu, mauzo ya kitabu hicho yalipanda ghafla. Watu walikitafuta kwa sababu ya ile mitambo.

Wachache walikuwa wakitafuta ramani yake. Winston Smith anaishi London, lakini nchi anayoishi haiitwi tena Uingereza. Inaitwa Airstrip One, yaani uwanja wa ndege namba moja, jimbo mojawapo la dola kubwa ya Oceania ambayo imeimeza Marekani pamoja na milki ya Waingereza. Vitu vinanunuliwa kwa dola na senti, pauni haipo. Na tukimwamini mwandishi wa kile kitabu cha siri anachokisoma Winston, Oceania haina makao makuu, na kiongozi wake ni mtu ambaye hakuna ajuaye aliko.

Orwell hakulitoa jambo hilo hewani. Alikuwa akiiandika riwaya hiyo katika kisiwa cha Jura huko Uskoti wakati Uingereza, iliyoshinda vita na kubaki na madeni, ilipokuwa ikiishi kwa mkopo wa Marekani wa mwaka 1946. Julai 1948, mzozo wa Berlin ulipopamba moto, ndege za Marekani za kurusha mabomu aina ya B-29 zilipewa vituo katika ardhi ya Uingereza. Dola iliyokuwa ikitawala robo ya dunia ilikuwa inageuka kiwanja cha ndege za mwenzake. Orwell alichofanya ni kuipa hali hiyo jina rasmi.

Ndiyo maana ubabe wa Chama katika riwaya hiyo unashangaza ukiuangalia kwa makini. Chama kinajua Winston ameota nini, kinadhibiti maneno ya kamusi, kinabadilisha magazeti ya jana. Hata hivyo kinatawala jimbo lisilokuwa hata na jina la kujivunia, katika vita ambavyo adui wake hubadilishwa katikati ya hotuba moja. Raia wa kawaida hawezi kumwajibisha mtawala kwa sababu hajui mtawala anaishi wapi. Udhibiti wa ndani ni mkali kadiri kitovu cha maamuzi kilivyo mbali.

Miaka karibu thelathini kabla yake, Mrusi Yevgeny Zamyatin alikuwa ameshachora dola ya namna hiyo katika riwaya yake *Sisi*, aliyoiandika mwaka 1920 na 1921. Humo watu wanaitwa kwa herufi na namba, wanaishi katika nyumba za vioo, na kila mwaka wanakusanyika kumchagua tena Mfadhili kwa kura za wazi zisizo na mpinzani. Kitabu hicho kilitoka kwanza kwa Kiingereza, New York, mwaka 1924. Katika Umoja wa Kisovieti hakikuruhusiwa hadi mwaka 1988. Mwandishi alikuwa amekufa uhamishoni Paris tangu 1937.

Mtawala anayesubirishwa barazani

Waandishi wa Afrika Mashariki walipoanza kuandika distopia, hawakuhitaji kubuni dola inayochungulia ndoto za watu. Walikuwa na Idara Maalumu ya polisi na vyumba vya mahojiano vya Nyayo House jijini Nairobi. Walichokiongeza wao ni kile ambacho Orwell alikiweka pembeni ya ramani: mkopeshaji.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, ndiye aliyeliweka jambo hili wazi kuliko wote. Katika *Mũrogi wa Kagogo*, riwaya aliyoitoa kwanza kwa Kikikuyu kuanzia mwaka 2004, Mtawala wa nchi ya kubuni ya Aburĩria anatukuzwa na kuogopwa kama mungu mdogo. Mawaziri wake wamefanyiwa upasuaji wa kukuza macho, masikio na ulimi ili wamwone, wamsikilizie na wamsemee vizuri zaidi. Kwa siku yake ya kuzaliwa wanampangia mnara wa kufika mbinguni. Mnara huo unahitaji fedha, na fedha ziko kwenye Benki ya Dunia ya riwaya hiyo, huko New York.

Hapo ndipo kicheko kinapogeuka. Huyu ambaye nyumbani kwake hakuna athubutuye kumkatiza, New York anakaa akisubiri kuitwa, na mkopo anaoutaka haupati. Aibu inamshika mwilini: anaanza kuvimba kama puto, na madaktari hawajui ugonjwa wenyewe. Nyumbani nako, foleni ndefu za watu wanaotafuta kazi zimejaa mjini, na wakubwa wanataka wajumbe wa Benki waamini kwamba ni foleni za wananchi wanaounga mkono mnara. Umaskini wenyewe unapambwa ili uonekane kama kura ya ndiyo.

Ngũgĩ alikuwa na sababu ya kujua jinsi dola inavyoweza kuogopa hata kivuli. Mwaka 1986 alitoa riwaya nyingine ya Kikikuyu, *Matigari*, kuhusu mpiganaji anayerudi kutoka msituni akiuliza kila anayekutana naye ni wapi ukweli na haki vinapatikana. Kwa maelezo yake mwenyewe, habari ziliifikia serikali ya Kenya kwamba wanavijiji wanamzungumzia mtu aitwaye Matigari anayezunguka nchini akiuliza maswali hayo, na amri ya kumkamata ikatolewa. Walipogundua kwamba anayesakwa ni mhusika wa kubuni, wakakamata kitabu. Hiyo ilikuwa mapema mwaka 1987.

Katika Kiswahili, hali hii imezaa riwaya kadhaa zinazostahili kusomwa kwa pamoja. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, alichapisha *Babu Alipofufuka* mwaka 2001. Mhusika wake mkuu anaitwa K tu. Ni mkubwa serikalini, ana nyumba, gari na raha zote. Babu yake anatoka kuzimu kumtembeza aone maisha ya watu ambao raha hizo zimekatwa kwenye miili yao. K hana uovu wa ajabu. Yeye ni daraja tu. Juu yake kuna wenye mali wa nje ambao nchi imefunguliwa kwa ajili yao, na chini yake kuna watu walioachwa bila pa kuegemea. Mwaka uliofuata, Kyallo Wadi Wamitila alitoa *Bina-Adamu!*, ambamo msimulizi anazunguka dunia iliyogeuzwa kijiji kimoja akimsaka P.P., mhusika ambaye mkono wake umo katika kila balaa lakini yeye mwenyewe haonekani. Hii ni Oceania isiyo na makao makuu, safari hii ikisimuliwa na mtu wa pembezoni.

Kabla yao, mwaka 1995, Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani wakati wa utawala wa Rais Moi, alitoa *Walenisi*. Dzombo anahukumiwa kifo kwa kurushwa angani ndani ya chombo ambacho hakuna aliyewahi kurudi nacho, naye anajifunza kukiendesha hadi anaifikia sayari ambayo watu wake wanajitawala kweli. Kitabu cha Mkangi ni cha pekee katika kundi hili kwa kuwa kinamwonyesha msomaji jamii yenye afya. Wenzake walimwachia msomaji aibunie mwenyewe kutokana na ugonjwa anaouona.

Mahakama iko Washington

Mtu anaweza kusema kwamba hizi ni hadithi, na kwamba nchi huru zina mabunge, mahakama na bendera. Basi tuangalie bomba la maji.

Agosti 2003 huduma ya maji ya Dar es Salaam ilikabidhiwa kampuni ya City Water kwa mkataba wa miaka kumi. Nyuma yake walikuwa Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mbia wa Kitanzania. Ubinafsishaji huo ulikuwa miongoni mwa masharti ya wakopeshaji, Benki ya Dunia ikiwa mbele. Haukupita muda mrefu kampuni ikawa inakusanya mapato pungufu ya matarajio, na serikali ikalalamika kwamba ahadi hazitimizwi. Mei 2005 serikali ilitangaza kuuvunja mkataba. Juni mosi wakuu wa kampuni walikamatwa na kuondolewa nchini.

Kilichofuata hakikuamuliwa Dar es Salaam. Biwater Gauff iliishtaki Tanzania mbele ya ICSID, kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji chenye makao yake Washington, ndani ya kundi lilelile la Benki ya Dunia. Uamuzi ulitolewa Julai 2008. Waamuzi walisema Tanzania ilikuwa imevunja mkataba wake na Uingereza wa kulinda wawekezaji kwa namna ilivyoichukua kampuni na kuwafukuza viongozi wake. Hata hivyo hawakuamuru fidia yoyote ilipwe, kwa sababu wakati huo kampuni ilikuwa imeshakwisha thamani. Katika shauri jingine lililosikilizwa kwa usuluhishi, upande wa Tanzania ulishinda.

Kwa hiyo tungeweza kusema nchi ilitoka salama. Ila angalia nani hakuwamo katika hadithi yote. Mama wa Manzese anayenunua maji kwa ndoo hakuulizwa wakati huduma inabinafsishwa, hakuulizwa wakati mkataba unavunjwa, na hakuwa na kiti Washington. Walioshindana walikuwa kampuni na serikali. Yeye alibaki na ndoo.

Au chukua reli. Mei 2014 Kenya ilisaini mikopo ya Benki ya Exim ya China, zaidi ya dola za Marekani bilioni tatu, kujenga reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi. Treni ya kwanza ya abiria ilianza safari mwaka 2017. Mikataba yenyewe wananchi hawakuiona. Wanaharakati walikwenda mahakamani kuidai, na Novemba 2022, baada ya serikali kubadilika, sehemu yake ikawekwa hadharani. Ndani yake kulikuwa na vifungu vya usiri, na makubaliano kwamba sheria itakayotumika ni ya China na mgogoro ukitokea usuluhishwe Beijing. Kwa miaka minane Wakenya walikuwa wakibeba deni ambalo masharti yake hawakuruhusiwa kuyasoma.

Deni hulipwa kwa kodi, na kodi hutozwa kwenye vitu vya kila siku. Muswada wa Fedha wa Kenya wa mwaka 2024, ulioandaliwa huku nchi ikiwa kwenye mpango wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ulianza na pendekezo la kutoza asilimia 16 ya kodi ya ongezeko la thamani kwenye mkate. Pendekezo hilo liliondolewa baada ya kelele, lakini mengine yalibaki. Juni 25 Bunge liliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106. Vijana waliokuwa barabarani wakiwa na mabango ya kulilaani Shirika hilo pamoja na serikali yao waliingia katika majengo ya Bunge, na watu waliuawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatausaini.

Vijana wale hawakuhitaji mhakiki wa fasihi. Mabango yao yaliwaweka mkopeshaji na polisi kwenye sentensi moja.

Foleni ya macho

Si kila mamlaka hupotea kwa risasi au kwa mkataba. Aldous Huxley, katika *Brave New World* ya mwaka 1932, alichora dunia moja yenye watawala kumi ambamo hakuna anayeteswa. Watoto hutengenezwa kwenye chupa na kupangiwa tabaka, na mkubwa akihuzunika hupewa vidonge vya kumlewesha viitwavyo *soma*. Watu wa Huxley hawajaporwa uhuru. Wameubadilisha kwa starehe, na wanaridhika na bei.

Afrika Mashariki haina starehe za kugawa namna hiyo. Lakini Julai na Agosti 2023 Nairobi iliona toleo lake. Mradi wa Worldcoin, ulioanzishwa na Sam Altman wa OpenAI pamoja na wenzake, ulikuwa ukiwapiga watu picha za mboni za macho kwa kifaa chenye umbo la mpira na kuwapa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Foleni katika jumba la mikutano la KICC zilifurika hata usalama ukawa shida. Karibu Wakenya 350,000 walijiandikisha. Agosti 2 serikali ilisimamisha shughuli hizo, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data za macho zilizokusanywa zifutwe.

Ukizungumza na waliopanga foleni, sababu yao ilikuwa nyepesi kueleweka: shilingi 7,000 ni kodi ya chumba, ni unga, ni nauli ya kutafuta kazi. Hapakuwa na bunduki, wala udanganyifu mkubwa kuliko ule wa maandishi madogo ambayo hakuna ayasomaye. Mkono mtupu haulambwi, na safari hii mkono ulikuja na kitu. Huxley alidhani watu wataachia mamlaka juu ya nafsi zao wakishashiba. Nairobi ilionyesha kwamba njaa nayo hufanya kazi hiyo, tena kwa gharama ndogo zaidi.

Tofauti na riwaya, hapa Kenya ilikuwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, mahakama zinazosikiliza, na watu waliokwenda kushtaki. Mahakama hizohizo, Oktoba 2021, zilikuwa zimeikatalia serikali yenyewe utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma Namba kwa kuwa haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa usiri wa raia. Jaji aliyemzuia mwenye kampuni ya California na jaji aliyeizuia serikali walitumia sheria moja. Jambo hilo lina uzito, na tutalirudia.

Mamlaka kama fimbo

Hadi hapa msomaji anaweza kuhitimisha kwamba dawa ni rahisi: wageni watoke, nchi ijiamulie, mambo yatanyooka. Riwaya zetu wenyewe zinakataa hitimisho hilo.

Januari mosi 1980, akizungumza na mabalozi, Julius Nyerere aliuliza ni lini Shirika la Fedha la Kimataifa liligeuka kuwa wizara ya fedha ya dunia, na ni lini mataifa yalikubali kulikabidhi uwezo wao wa kuamua. Ni mojawapo ya hotuba kali kuliko zote za kiongozi wa Afrika kuhusu mamlaka ya nchi, na swali lake halijapata jibu. Alikataa masharti hadi alipong'atuka mwaka 1985. Mwaka uliofuata, chini ya Ali Hassan Mwinyi, Tanzania ilisaini.

Lakini Nyerere huyohuyo ndiye ambaye serikali yake, kati ya mwaka 1973 na 1976, iliwahamishia mamilioni ya Watanzania katika vijiji vya maendeleo, na mahali pengi wahamishwaji hawakupewa nafasi ya kukataa. Hakuna Benki ya Dunia iliyoamuru Operesheni Vijiji. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, aliitazama hali hiyo katika *Gamba la Nyoka* ya mwaka 1979, ambamo wanavijiji wanapinga kuhamishwa na dola inajibu kwa nguvu. Katika tamthilia yake *Kaptula la Marx*, iliyoandikwa miaka hiyohiyo lakini ikachapishwa mwaka 1999, Rais Kapera anavaa kaptula la Marx lisilomwenea na kuiongoza safari ya kwenda nchi ya Usawa. Fikra aliyoiazima imempwaya, lakini anayeicheka kwa sauti ana nafasi yake gerezani.

Somo la Kezilahabi ni kwamba nchi inaweza kuwafungia mlango wakopeshaji na bado ikawanyima raia wake usemi. Uhuru wa dola na uhuru wa mtu havibebani vyenyewe. Na pale vinapotenganishwa, neno *mamlaka ya nchi* hugeuka fimbo.

Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wa Uganda, Facebook ilifunga akaunti kadhaa ambazo ilisema zilihusiana na wizara ya serikali na zilikuwa zikiendesha udanganyifu. Rais Yoweri Museveni alijibu kwamba hakuna mtu wa nje atakayekuja kuwaamulia Waganda nani mwema na nani mbaya. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake: kampuni ya California kuamua nani asikike katika kampeni za Uganda ni jambo la kutia wasiwasi. Jibu la serikali, hata hivyo, lilikuwa kuifunga Facebook, kisha, usiku wa kuamkia siku ya kura, kuzima intaneti ya nchi nzima. Ugomvi ulikuwa wa serikali na kampuni. Aliyenyamazishwa ni Mganda.

Tanzania ilipitisha mwaka 2017 sheria inayosisitiza mamlaka ya nchi juu ya maliasili yake na kukataza migogoro ya rasilimali hizo kupelekwa katika mabaraza ya nje, pamoja na nyingine inayolipa Bunge uwezo wa kupitia upya mikataba yenye masharti kandamizi. Ni sheria ambazo wengi walizishangilia, na zina maneno ambayo Nyerere angeyatia saini. Zilipelekwa bungeni kwa hati ya dharura na kupitishwa katika siku chache, bila muda wa kutosha wa raia kuzijadili. Mikataba ya zamani ya kimataifa iliendelea kuwa hai. Julai 2023 ICSID iliiamuru Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 109 kwa wawekezaji wa mradi wa nikeli wa Ntaka Hill waliofutiwa leseni, na mwaka uliofuata pande mbili zikakubaliana dola milioni 90. Mamlaka yaliyotangazwa kwa haraka hayakuzuia bili.

Kipimo

Hapa ndipo riwaya za distopia zinapotusaidia, na pia ndipo zinapotupotosha. Zinatupotosha kwa kupenda uso mmoja. Kaka Mkubwa, Mfadhili, P.P. na Mtawala ni njia nzuri ya kumfanya msomaji aogope, lakini mkataba wa reli hauna uso. Ulipita mikononi mwa wanasheria, makatibu wakuu, mabenki na wabunge, na kila mmoja alifanya sehemu yake ndogo bila kujiona mkosaji. Anayesubiri kumwona Kaka Mkubwa ndipo apige kelele atasubiri sana.

Zinatusaidia kwa kutufundisha kuangalia pande mbili kwa pamoja. Mwanasiasa akikuambia nchi imeporwa na wageni, umsikilize, kisha uulize yeye mwenyewe anawatendeaje wanaomhoji nyumbani. Mwakilishi wa shirika la fedha akikuambia mageuzi ni magumu lakini ni ya lazima, umsikilize pia, kisha uulize nani aliyepiga kura juu ya mageuzi hayo. Mmoja akitaja wageni tu na mwingine akitaja wananchi tu, kila mmoja anakuficha nusu ya hesabu.

Sheria zetu za msingi zimeshaliweka jambo hili sawa kwa maandishi. Ibara ya 8 ya Katiba ya Tanzania inawataja wananchi kuwa chanzo cha mamlaka yote ya serikali. Ibara ya 1 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema mamlaka kuu yote ni ya watu wa Kenya. Kwa mujibu wa maneno hayo, serikali haina mamlaka yake yenyewe ya kuyalinda dhidi ya raia, wala ya kuyauza kwa niaba yao gizani. Inashika amana.

Na amana ina dalili inayoweza kuangaliwa na mtu yeyote bila kuwa mwanasheria: je, mwenye mali anaruhusiwa kusoma kilichosainiwa kwa jina lake, kabla hakijaanza kumlipisha? Jaji wa Nairobi aliyezuia kadi za serikali na yule aliyeamuru data za macho zifutwe waliuliza swali la aina hiyo, na kote kuwili lilifanya kazi, dhidi ya dola na dhidi ya mgeni. Serikali inayolikubali swali hilo inaweza kukopa, kuvunja mkataba, hata kukosea, na bado nchi ikabaki ya watu wake. Inayolikataa tayari imeshawatenga na mamlaka yao, awe mkopeshaji wake yuko Washington, Beijing au hana kabisa. Kabla ya kubishana nani ametuchukulia nchi, tudai kwanza kuiona hati iliyosainiwa.